Sajini wa Zamu na Mzigo wa Muhali

Mwananchi anayefika kituo cha polisi saa tano za usiku, akiwa ameibiwa, amepigwa au amepotelewa na mtoto, hamkuti Kamishna, wala hamkuti Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Humkuta konstebo aliye kaunta, na nyuma ya konstebo huyo yupo mtu mwenye tepe tatu mkononi ambaye zamu yote imo dhamanani mwake. Huyo ni Sajini. Amri zinazotolewa makao makuu, na sheria za jinai zinazopitishwa na Baraza la Wawakilishi, humfikia mwananchi kwa kupitia mikono ya mtu huyu na askari wake wachache. Akiwa mwangalifu, sheria huwa na maana. Akiwa mzembe, hata sheria nzuri hubaki kabatini.

Somo hili limekusudiwa watumishi wa Serikali wa ngazi zote pamoja na wakaazi wa mjini na mashamba, wala si askari peke yao. Kila idara ina sajini wake, ijapokuwa havai tepe: mwuguzi mkuu wa wodi, karani anayesimamia masjala, msimamizi wa kikosi cha mafundi wa maji. Juu yao wapo wanaoamuru, chini yao wapo wanaotenda, na mbele yao yupo mwananchi. Lakini kwa Sajini wa polisi kosa la ngazi hiyo laweza kumgharimu mtu uhuru wake, na pengine uhai wake. Ndiyo maana tumemchagua yeye.

Asili ya cheo

Neno lenyewe limetujia kutoka Kiingereza, na ukilifuatilia hadi Kilatini utakuta maana yake ni mwenye kutumikia. Inafaa hilo likumbukwe na kila anayelitamka kwa kutisha watu.

Utaratibu wa kumweka Sajini juu ya kundi dogo la askari ulipata sura yake mashuhuri London, pale polisi wapya wa jiji walipoanza doria tarehe 29 Septemba, 1829, wakati Robert Peel alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza. Kila Sajini alipewa makonstebo tisa. Konstebo wa zama zile alitembea peke yake usiku kucha katika njia aliyopangiwa, bila ya simu wala redio. Kazi ya Sajini ilikuwa kuzunguka kwa miguu, akamkuta kila mmoja mahali pake, akahakikisha kuwa hakulala wala hakulewa, na akasikiliza alichokiona. Watu tisa ni idadi ambayo mtu mmoja aweza kuijua vyema: nani ana hasira za haraka, nani huandika ovyo, nani ana mgonjwa nyumbani. Vyombo vya mawasiliano vimebadilika sana tangu siku hizo, lakini haja ya kumjua askari wako kwa sura na kwa tabia haikubadilika hata kidogo.

Zanzibar iliingia chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na majina ya vyeo vya Kiingereza yakaenea Visiwani kwa njia hiyo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka ule ule, Polisi likawa jambo la Muungano, na limebaki hivyo. Jeshi la Polisi la Tanzania liko chini ya Inspekta Jenerali, na Zanzibar ina Kamishna wake ambaye makao yake ni Ziwani. Kutoka chini, askari huanza ukonstebo, akapanda kuwa koplo, kisha sajini, kisha sajini taji na sajini meja, ndipo hufuata daraja za wakaguzi.

Hapa pana jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Polisi ni wa Muungano, lakini sheria za jinai na mwenendo wa kesi zake hapa Zanzibar ni za Zanzibar. Sheria ya Adhabu inayotumika ni Namba 6 ya mwaka 2018, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ni Namba 7 ya mwaka huo huo. Sheria ya Mtoto ni Namba 6 ya mwaka 2011. Mashtaka yako mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar. Kwa hivyo Sajini aliyehamishwa kutoka Mwanza kuja Chake Chake hana budi kufungua vitabu upya, na wajibu huo unawahusu askari wake pia, ambao pengine wamezoea vifungu vya upande wa pili wa bahari. Sajini aliye hodari hulifanya jambo hili kuwa somo fupi kila wiki kabla ya zamu: kifungu kimoja, mfano mmoja, maswali, basi. Kuwakabidhi askari kitabu kizima na kuwaambia wakasome ni sawa na kutowaambia kitu.

Zamu inavyoendeshwa

Zamu njema huanza kabla ya saa yake. Sajini anayeingia hukutana na anayetoka, na makabidhiano hufanywa kwa macho, si kwa maneno ya njiani. Mahabusu huhesabiwa vichwa. Kuhesabu majina kwenye daftari peke yake hakutoshi, kwani daftari halisemi kama mtu ana homa au anavuja damu. Silaha huhesabiwa kwa namba zake na risasi moja moja, na aliyekabidhiwa hutia saini. Fedha na vitu vya mahabusu vilivyohifadhiwa huangaliwa kama vinalingana na kilichoandikwa. Likikosekana jambo, huandikwa hapo hapo na wote wawili hutia saini, kwa sababu kasoro iliyopokelewa kimya ndani ya saa moja huwa mali ya aliyeipokea.

Baada ya hapo askari hupangwa: nani kaunta, nani lindoni, nani doria, nani wa akiba. Hapa ndipo uongozi unapoonekana. Askari wawili wagomvi hawapelekwi pamoja mahali penye watu wenye jazba. Askari mgeni hufuatana na mzoefu. Siku ya Idd, viwanja vya Mnazi Mmoja na Maisara vinapojaa watoto, anayehitajika mbele ni yule mwenye subira ya kumtafutia mtoto mama yake, wala si yule mwenye kifua kipana. Na katika mwezi wa Ramadhani, Sajini mwenye akili huwaomba askari wake Wakristo washike lindo wakati wa futari, naye akakumbuka kulilipa deni hilo usiku wa Krismasi bila ya kungoja kukumbushwa. Mambo haya hayamo katika kanuni. Hata hivyo zamu nyingi hupatana au huvunjika kwa mambo ya namna hii.

Kisha Sajini hutembea. Huzuru malindo kwa saa zisizotabirika, akaandika saa aliyofika katika kitabu cha lindo. Huingia mahabusu yeye mwenyewe. Huangalia kuwa wanawake wametengwa na wanaume, na watoto wametengwa na watu wazima. Humwuliza kila mtu jina lake, kama amekula, kama anaumwa, kama jamaa zake wanajua alipo. Mtu aliyelala huamshwa ajibu, hususan aliyeletwa akiwa amelewa au amepigwa kichwani, kwani mahabusu aliyedhaniwa kuwa amelala fofofo huweza kuwa anakata roho. Kuzunguka huko huchukua dakika chache tu, na hakuna udhuru wa kukuacha.

Kitabu

Silaha kubwa ya Sajini ni kitabu cha matukio. Kila linalotokea kituoni huingizwa kwa saa yake na kwa mfuatano wake: aliyeletwa, aliyemleta, saa aliyokamatwa, saa aliyofika, hali ya mwili wake, alichokuwa nacho. Ukikosea kuandika, hupigwa mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, ikatiwa saini pembeni. Ukurasa hauchanwi, nafasi haiachwi wazi ili kujazwa kesho. Saa ya kukamatwa ndiyo inayoanza kuhesabu haki ya mtu. Ibara ya 15 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 haimruhusu yeyote kumnyima mtu uhuru wake isipokuwa kwa utaratibu wa sheria, na Ibara ya 13(6) inasema kuwa mtu asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike, na inakataza mateso na adhabu za kinyama. Maneno hayo makubwa huwa kweli au uwongo kutegemea mwandiko wa askari mmoja mwenye usingizi. Anayehakikisha kuwa usingizi haukuandika ni Sajini.

Uingereza na Wales walilifikisha jambo hili mbali zaidi. Kwa sheria yao ya mwaka 1984 kuhusu polisi na ushahidi wa jinai, mahabusu wa kituo kilichoteuliwa huwa chini ya ofisa maalumu ambaye kwa kawaida ni Sajini, naye hapaswi kuhusika na upelelezi wa kesi ya mahabusu huyo. Hufungua kumbukumbu ya kila aliyeletwa. Kuzuiliwa kwa mtu ambaye hajashtakiwa huangaliwa upya na mkaguzi asiyehusika na upelelezi, mara ya kwanza kabla ya kupita saa 6, na baadaye kila baada ya muda usiozidi saa 9. Kwa kawaida mtu hazuiliwi zaidi ya saa 24 bila ya kushtakiwa, ingawa kwa makosa mazito muda huongezwa kwa idhini ya ngazi za juu na hatimaye ya mahakama. Lililo muhimu kwetu katika sheria ile ni hili: ofisa wa cheo kikubwa anayehusika na upelelezi akimwamuru Sajini huyo afanye kinyume na uamuzi au wajibu wake juu ya mahabusu, Sajini halazimiki kunyamaza. Hulipeleka jambo mara moja kwa mrakibu au aliye juu yake mwenye dhamana ya kituo.

Hatusemi kuwa taratibu za huko zihamishwe zote kuja huku. Vituo vyetu vingi ni vidogo, na Sajini mmoja huenda akawa mpokeaji, mlinzi na mpelelezi katika usiku mmoja. Lakini msingi wake unaeleweka na kila mtumishi: aliye chini kwa cheo huweza kuwa ndiye mwenye dhamana ya jambo fulani, na dhamana hiyo haiondoki kwa kupigiwa simu. Sajini anayeambiwa aandike kuwa mtu amekamatwa leo ilhali alikamatwa juzi, ajibu kwa adabu, asimame wima, apige saluti, na asiandike. Akishurutishwa, aombe amri hiyo kwa maandishi. Amri za namna hiyo ni nadra kuletwa kwa maandishi.

Muhali

Sasa tufike penye uzito wa somo hili. Kwa sensa ya mwaka 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773, Unguja na Pemba pamoja. Ukiondoa mjini, mtu ni nadra kupita shehia tatu bila ya kukutana na mkwe, shemeji au mtu aliyesoma naye chuoni. Katika jiji kubwa askari humkamata mgeni. Hapa humkamata mtoto wa jirani wa mama yake.

Wapo wanaosema muhali ni udhaifu tu na uondolewe. Hao hawajaishi vijijini. Muhali ndio unaotufanya tuzikane, tuchangiane harusi na tusimwache mgonjwa peke yake. Sajini asiye na muhali kabisa hatapata habari yoyote kutoka kwa wananchi, na askari wake hawatamfuata kwa moyo. Matatizo huanza pale muhali unapovuka kaunta na kuingia katika kitabu.

Tuchukue mfano usio wa kituo chochote maalumu. Saa tatu za usiku mama anamleta binti yake wa miaka 12, akifuatana na sheha. Mtoto amedhalilishwa na mtu mzima wa mtaani. Kabla ya maelezo kwisha, wazee wanne wanaingia, na mmoja wao ni ami yake Sajini, ndugu wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu mdogo. Wanasalimiana kwa heshima. Ami anasema, "Mwanangu, hili ni jambo la nyumbani. Pande zote mbili tumeshakaa. Usitufedheheshe mbele ya mji."

Konstebo aliyeshika kalamu ameiacha hewani, anamtazama Sajini wake. Askari wengine wawili pia wanamtazama. Wanachojifunza katika dakika ile hawatakisahau, na hakuna mafunzo ya chuoni yatakayokifuta.

Sajini anajibu, "Shikamoo, ami. Karibuni mkae, safari ni ndefu." Kisha anamgeukia konstebo: "Endelea kuandika." Mama na mtoto wanaondolewa pale kaunta na kupelekwa chumba cha faragha, na askari wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto anaitwa. Fomu ya PF3 inatolewa papo hapo na mtoto anapelekwa hospitali usiku ule ule, kwa kuwa ushahidi wa mwilini hupotea kwa kuoga na kwa kupita saa. Kwa walio mjini, hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha Mkono kwa Mkono kilichoanzishwa mwaka 2011, ambapo daktari, polisi na mshauri hupatikana pamoja, mtoto asilazimike kulirudia neno lile lile mbele ya meza nne.

Baadaye Sajini anampigia Mkuu wa Kituo na kumwambia wazi kuwa miongoni mwa waliokuja kuizuia kadhia hii yumo ami yake, na anaomba ofisa mwengine aisimamie. Anaiandika simu hiyo katika kitabu, na saa yake. Wengine wataona kuwa amejivua wajibu. Maoni yetu ni tofauti: kwanza ameuhifadhi ushahidi, ambao haungeweza kungoja, kisha akajiweka kando ya upelelezi, ambao utahojiwa mahakamani. Angegeuza mfuatano huo, akangoja mwenzake afike ndipo hatua zichukuliwe, saa mbili au tatu zingepotea na ami angeshinda bila ya kusema neno la pili.

Ndipo anarudi kwa wazee. Anakaa nao, hasimami juu yao. "Ami, hili limeshaandikwa. Kitabu si changu, ni cha Serikali. Kuacha au kuendelea si kwangu tena, wala si kwa mama wa mtoto. Ni kwa Mkurugenzi wa Mashtaka." Anachokisema ni kweli kisheria, kwani kosa la jinai si mali ya familia mbili wapatane na kulizika. Na kwa upande wa adabu, amempa mzee njia ya kurejea kwa wenzake akisema kuwa kijana hakumkatalia, bali jambo limekwisha kutoka mikononi mwake. Huenda ami asimtembelee kwa muda, na arusi ijayo ikapita bila ya kualikwa. Gharama hiyo ni ya kweli, na wakuu wa kazi wanaomsifu Sajini kwa msimamo wake wafahamu kuwa nyumbani kwake kuna anayeilipa.

Wenzake wa jana

Muhali wa aina nyengine humngoja Sajini mpya ndani ya kambi. Waliokuwa makoplo wenzake juzi, waliokula naye sahani moja na kumwazima fedha, leo wanampigia mkao wa utii. Baadhi hujitenga ghafla na kuwa wakali ili waonekane wakubwa. Wengine hubaki kama walivyokuwa, na mchelewaji wa zamu akawa ni shemeji asiyeandikwa. Njia zote mbili huvunja kikosi.

Ipo ya tatu, ingawa ni ngumu. Katika wiki ya mwanzo, Sajini hukaa na kila askari peke yake, akamwambia mambo mawili matatu atakayoyasimamia bila ya ubaguzi: saa, kitabu na mahabusu. Kuchelewa kwa mara ya kwanza husemwa faraghani. Kwa mara ya pili huandikwa, awe nani. Sifa hutolewa mbele ya wote kwenye paredi na karipio hutolewa mlango ukiwa umefungwa, isipokuwa katika jambo moja: askari aliyempiga mahabusu hasemwi faraghani kisha akasamehewa. Hilo hupelekwa kwa Mkuu wa Kituo usiku ule ule, na aliyepigwa hupelekwa kwa daktari. Sajini anayelificha kwa kumhurumia kijana wake atawafanya askari wote tisa wajue kuwa kupiga kunawezekana.

Kwa wakaazi

Anayefika kituoni aulize jina la Sajini wa zamu. Si ufidhuli kuuliza. Aliyetoa taarifa apatiwe namba ya kumbukumbu yake, maarufu kwa jina la RB, na aihifadhi, kwani ndiyo itakayomwezesha kufuatilia. Anayetoa maelezo asomewe au ayasome kabla ya kutia saini, na akiona neno ambalo hakulisema aombe lisahihishwe. Dhamana ya polisi haina malipo. Mwenye jeraha aombe PF3 mara moja. Aliye mbali na kituo na anahitaji msaada wa dharura apige simu namba 112. Na anayetaka kwenda kumwombea jamaa yake aliyekamatwa aende na chakula, na jina la mdhamini, na dawa kama mtu huyo ana maradhi ya sukari au ya pumu. Vitu hivyo Sajini ataweza kuvipokea na kuviandika.